Walikuja na Biblia, Wakatukuta na Risaga

Wacha nianze na kitu kitakachoudhi baadhi ya watu kanisani kwetu Nyamira. Ile hadithi tunayosimuliwa kila sherehe, kwamba mmisionari alitukuta gizani bila tumaini, akatuletea nuru na sisi tukashukuru, imekatwa mwanzo. Mimi si mwanahistoria. Chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini kupanga tarehe hakuhitaji digrii, so twende polepole.

1905, jeshi la Waingereza linaingia Gusii. Januari 1908, Otenyo anamchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Wazee wetu husema aliyempa moyo ni nabii Moraa. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Sisi hatukupona haraka hivyo. Wanajeshi walirudi, wakaua watu, wakachoma maboma na kuswaga ng'ombe.

Sasa angalia. 1911, miaka 3 tu baadaye, mapadri wa Mill Hill wanafungua misheni Nyabururu. 1912, Waadventista, ambao walikuwa Gendia kule ziwani tangu 1906, wanafungua Nyanchwa. Zote mbili ziko karibu na mji wa Kisii, palepale serikali ilipokaa. Fikiria wewe ni mzee ambaye boma lako liliteketezwa. Mzungu anakuja na kitabu, anakwambia Mungu anakupenda. Utamtofautishaje na yule wa bunduki?

Wengi hawakumtofautisha. Septemba 1914, Wajerumani walivuka mpaka wakapigana na Waingereza pale Kisii. Waingereza walipoondoka mjini kwa muda, watu wetu walipora ofisi, maduka na misheni. Hiyo sura sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Wengine walifuata dini ya Mumbo, iliyotoka Alego 1913, ikiahidi kwamba wazungu wataondoka. Hilo pia lilikuwa tumaini, na serikali ililizima kwa nguvu.

Basi mbona leo Jumamosi asubuhi Nyamira inanyamaza, maduka yamefungwa na barabara imejaa watu na Biblia zao?

Jibu moja ni kwamba msaada ulikuwa wa kweli, na lazima tuukubali. Shule zilifunguliwa. 1925 hospitali ya misheni ilianza Kendu, na Wakatoliki nao wakaja kujenga yao Tabaka. Mama aliyejifungua salama hakujali aliyeweka jiwe la msingi alitoka nchi gani.

Lakini jibu kubwa, kwa maoni yangu, ni sisi wenyewe. Waliotembea kijiji hadi kijiji wakifundisha a-e-i-o-u chini ya miti walikuwa walimu Waafrika, na majina yao mengi hayako kwenye ukuta wowote. Agano Jipya kwa Ekegusii lilitoka 1948, na Biblia nzima ikangoja mpaka 1988. Hiyo ni miaka 40! Magokoro wangu alizoea kusema alimjua Paulo kabla hajamjua Musa. Nilikuwa nikidhani ni utani.

Na kabla ya misheni yoyote tulikuwa na risaga. Kama shamba limekushinda, unaita majirani, wanakuja na majembe, jioni unawapa chakula na pombe. Na egesangio, kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Dini ilipoondoa pombe, majembe yalibaki.

Nimeona hii na macho yangu. Mwaka nilioacha chuo, babangu alikuwa amelazwa na karo ilikuwa imeisha. Hakuna shirika lililokuja. Walikuja akina mama wa Dorcas, wale wa kanisa letu, na ndizi kichwani, unga, na bahasha yenye noti za mia mia zilizokunjwa. Walifagia uwanja, wakapalilia chai, wakaomba, wakaenda. Hakuna aliyepiga picha. Karo haikutosha, lakini babangu alirudi nyumbani. Ukiniuliza, hiyo ilikuwa risaga na wimbo wa kanisa juu yake.

Kwa hivyo wageni wanaokuja siku hizi na fulana zinazofanana, wakipiga picha na watoto wetu na kuandika kwamba wameleta tumaini: karibuni sana. Jengeni kisima, leteni dawa, tutashukuru kwa moyo. Lakini kabla ya kuandika hivyo, muulize mama aliyekupikia chai ni nani alimlimia shamba alipofiwa.

Na wewe wa nyumbani, kama magokoro wako bado yuko, usimsubiri aende. Muulize nani alimfundisha kusoma. Andika hilo jina mahali.