Kilombero: Mambo ya kale yasiyo na kuta

UKITAJA mambo ya kale ya Tanzania, wakazi wengi wa mijini hukumbuka magofu ya Kilwa Kisiwani, michoro ya miambani ya Kondoa au misheni ya Bagamoyo iliyoanzishwa mwaka 1868. Ni wachache watakaotaja Namawala, kijiji kilichopo magharibi ya Ifakara, mkoani Morogoro. Mgeni afikapo huko huona mashamba ya mpunga, majani marefu na safu ya milima ya Udzungwa. Gofu la kupigia picha halioni.

Sababu ni mto. Mto Kilombero hufurika kila masika, na wenyeji wa bonde, wakiwamo Wandamba, Wambunga na Wabena wa mtoni, walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haimsubiri mwanahistoria. Kilichobaki ni mahali penyewe: kaburi la mtemi, mti mkubwa usiokatwa, kidimbwi kisichovuliwa samaki ovyo. Huko ndiko wazee walikopeleka unga na pombe kuomba mvua au kuondoa maradhi.

Ukristo ulifika baadaye, na kupitia milimani. Watawa Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Miaka mitatu tu ikapita kabla ya Vita vya Maji Maji. Dawa ya maji iliyohubiriwa na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe ilienea hadi Upogoro, na Agosti 30, 1905 wapiganaji waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwafyeka. Mwandishi huyu anaona kuwa vita hivyo haviwezi kueleweka bila ya matambiko yaliyotangulia, kwa kuwa watu waliokwisha kuyaheshimu maji ya mito yao hawakuona ajabu kuambiwa kwamba maji yangewakinga.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabenediktini Wajerumani waliondolewa, na mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi wakaichukua kazi yao. Jimbo la Mahenge liliundwa mwaka 1964, na mwaka 2012 Ifakara nayo ikawa jimbo.

Mambo haya mawili, tambiko na kanisa, si lazima yagombane. Nchini Ireland, chemchemi nyingi zilizoheshimiwa na Waselti kabla ya Ukristo hadi leo zinaitwa kwa majina ya watakatifu, na mahujaji huziendea. Mwaka 601, Papa Gregori wa Kwanza aliagiza mahekalu ya wapagani wa Uingereza yasibomolewe, bali yatakaswe na kutumika. Kwetu, wamisionari wengi waliyaita matambiko ushenzi, na sehemu nyingi zikanyamaziwa. Kisha ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa ya miaka ya 1970, iliyowahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika, wakaacha nyuma makaburi ya babu zao. Siku hizi trekta ndilo linalotisha zaidi, maana dereva wake hana habari kwamba kichuguu anachokisawazisha huenda kina jina.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, hulinda moja kwa moja majengo na kazi nyingine za mikono ya watu za kabla ya mwaka 1886, na vitu vinavyohamishika vya kabla ya mwaka 1863. Kwiro, ya mwaka 1902, haimo. Mti wa tambiko nao haumo, kwani haukujengwa na mtu. Vyote viwili humhitaji waziri mwenye dhamana avitangaze, na ili atangaze ni lazima kwanza mtu apeleke habari.

Ipo njia iliyo karibu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiwezesha kijiji kutenga maeneo na misitu yake yenyewe. Hata ekari moja yenye makaburi yaweza kuingizwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, mradi wazee wanaojua mipaka yake waulizwe wakiwa bado hai. Wengi wao wamekwisha kuvuka miaka sabini.