Vogue, Elle na Drum za kitambo: Vile majarida yaliunda "mwanamke kamili"

Labda ushawahi kusevu picha ya dame wa miaka ya 1950: kiuno chembamba, rinda limejaa kama mwavuli, glavu nyeupe. Ukaingia Gikosh kusaka luku kama hiyo. Hakuna noma. Lakini ile picha haikupigwa ikuonyeshe nguo peke yake. Kuna mtu alikaa ofisini akaamua huyo mwanamke anamaanisha nini.

Msee aliyechimba hii stori hadi chini ni Mfaransa, Roland Barthes. Alichukua majarida ya mitindo ya mwaka mmoja, 1958 hadi 1959, hasa Elle na Le Jardin des Modes, akayasoma vile wakili husoma mkataba. Kitabu chake, Système de la mode, kilitoka 1967. (Mimi niliacha campo kabla nimalize, na ukweli ni kwamba si kitabu cha kusoma ukiwa kwa mat.) Anasema ndani ya jarida kuna nguo tatu: ile imeshonwa, ile iko kwa picha, na ile imeandikwa. Hiyo ya tatu ndiyo bosi.

Tuseme picha inaonyesha sweta. Ni sweta tu. Sasa andika chini yake: "Kwa jioni tulivu mashambani." Ghafla sweta ina jioni, ina shamba, ina mtu hana haraka ya kuamkia kazi. Na si ile ocha ya kuchota maji. Hujauziwa sufi hapo, umeuziwa maisha.

Cheki sasa 1947. Tarehe 12 Februari, Christian Dior alionyesha koleksheni yake ya kwanza Paris, na Carmel Snow, mhariri wa Harper's Bazaar, ndiye aliipa jina New Look. Kiuno kilibanwa, sketi zikameza mita nyingi za kitambaa. Uingereza nayo nguo zilikuwa bado zinanunuliwa kwa kuponi, hadi 1949. Wanawake kibao walikuwa wametoka tu kufanya kazi viwandani wakati wa vita. Halafu majarida yanawaonyesha mwanamke kama ua, mabega laini, hawezi hata kukimbilia basi. Si wote walimeza. Dior alipofika Chicago mwaka huo huo, wanawake walimngoja na mabango.

Betty Friedan, aliyekuwa akiandikia majarida ya wanawake Marekani, alirudi kusoma hadithi zao za zamani. Kwa kitabu chake cha 1963 anaeleza vile mashujaa wa kike wa 1939 walikuwa na kazi na ndoto zao, lakini miaka ishirini baadaye karibu wote walikuwa mama wa nyumbani. Wanawake hawakuwa wamebadilika ghafla. Kalamu ndiyo ilibadilika.

Usidhani hii ni mambo ya wazungu pekee. Drum lilianza Afrika Kusini 1951, baadaye likawa na toleo la Afrika Mashariki, kwa hivyo shosho yako angeweza kulisoma hapa Nairobi. Lilikuwa na warembo kwa jalada na ukurasa wa ushauri wa mapenzi, "Dear Dolly". Jina lilitoka kwa Dolly Rathebe, mwimbaji na nyota wa filamu ya 1949, Jim Comes to Jo'burg. Wasichana waliandika barua wakimwaga roho: amenitoroka, nimngoje? Walidhani wanaongea na dadao mkubwa. Majibu yalikuwa yanaandikwa na wanaume wa ofisini.

Hapo ndipo mimi huchoka kabisa. Picha ya mwanamke, jina la mwanamke, maswali ya wanawake, halafu jamaa na taipureta ndiye anaamua msichana mwenye heshima anafaa kufanya nini.

Ukipata jarida la zamani kwa wauza vitabu wa mtaani hapo tao, jaribu hivi. Funika maneno na kidole, cheki picha pekee. Mikono yake inafanya nini? Anaangalia nani? Kisha toa kidole usome, halafu uangalie tangazo liko ukurasa wa pili, uone kama linauza kile kile maneno yamekufanya uhisi umekosa.