Kampuni kubwa ya mawakili Uskoti hujua nini, na kwa nini lituhusu sisi wa Pwani

Wengi wetu hapa Pwani tukisikia neno wakili, tunamfikiria mtu mmoja mwenye ofisi moja juu ya duka na kabati lililojaa mafaili. Mtu huyo huyo asubuhi ataandika mkataba wa kuuza shamba, saa nne aende kortini kwa kesi ya ajali, jioni ashughulikie mirathi. Si vibaya, na wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Lakini kampuni zinazoandika mikataba ya mafuta, bandari na umeme wa upepo hazifanyi kazi hivyo. Ni vyema tujue zinavyofanya, maana miradi ya namna hiyo imeshabisha hodi katika ufuo wetu.

Leo nachukua mfano wa Uskoti. Ni nchi ya watu takriban milioni 5 na nusu, kwa hivyo ni rahisi kuona jinsi ujuzi wa mawakili wake ulivyotokana na uchumi wake. Tena si wageni kwetu. Imperial British East Africa Company, iliyopata hati yake ya kifalme mwaka 1888 na kuanza kutawala kutoka Mombasa, iliongozwa na William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka mji wa Campbeltown, Uskoti. Na katika miaka ya karibuni wachuma majani chai wa Kericho wamepeleka kesi yao Edinburgh. Nitaifikia.

Mimi si wakili. Nina diploma tu, na mazoea ya kusoma mikataba ambayo watu hunitumia wakitaka nieleze kwa lugha yao. Ninachoandika hapa ni maelezo, si ushauri wa kisheria.

Sheria yao ni yao

Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707, lakini mkataba wa muungano uliiachia sheria zake na mahakama zake. Mahakama yake kuu ya madai, Court of Session, imekuwako tangu 1532. Wakili aliyesomea sheria ya London hawezi tu kupanda treni akaenda kuhamisha umiliki wa shamba huko Highlands, kwani sheria ya ardhi ni nyingine kabisa. Hapo ndipo mawakili wa Uskoti wanapopata nguvu yao ya kwanza. Mwekezaji hata awe ametoka wapi, akitaka kitu ndani ya Uskoti, lazima atafute anayeijua sheria ya huko.

Kubwa zaidi kati ya kampuni zenye makao huko ni Brodies ya Edinburgh. Ina ofisi Glasgow, Aberdeen na Inverness, na nje ya nchi iko London, Brussels na Abu Dhabi. Mapato yake ya mwaka yamekwisha kuvuka paundi milioni 100. Shepherd and Wedderburn ina historia inayorudi hadi 1768. Burness Paull ilizaliwa mwaka 2012 kwa muungano wa kampuni mbili, mojawapo ikiwa ya Aberdeen, mji wa mafuta. Nyingine kongwe zimemezwa na kampuni za nje: McGrigors iliingia Pinsent Masons mwaka 2012, Dundas & Wilson ikaingia CMS mwaka 2014, na Maclay Murray & Spens ikaingia Dentons mwaka 2017.

Ndani ya kampuni kama hizi kila kundi lina fani yake, na mteja mmoja mwenye mradi mmoja huhudumiwa na makundi matano au sita kwa wakati mmoja. Hebu tuzipitie fani hizo.

Ardhi

Uskoti ilianzisha sajili ya kitaifa ya hati za ardhi mwaka 1617. Hata hivyo, mabaki ya ukabaila, ambapo mwenye ardhi aliendelea kuwa chini ya bwana mwingine juu yake, yalifutwa rasmi tarehe 28 Novemba 2004 tu. Historia ndefu namna hiyo huacha nyuzi nyingi zilizofungamana: haki za njia, masharti ya zamani, mipaka ya ramani zisizosomana. Wakili wa ardhi kazi yake ni kuzifungua nyuzi hizo kabla mteja hajatoa pesa.

Kwa mradi wa upepo nchi kavu, kundi la ardhi huandika ukodishaji na mwenye shamba, hutafuta kibali cha barabara ya kupitisha magari makubwa, na hufanya makubaliano na kila jirani ambaye waya wa umeme utapita kwake. Huko Highlands hukutana pia na wakulima wadogo waitwao crofters, nao si watu wa kufukuzwa ovyo. Sheria ya mwaka 1886, iliyokuja baada ya dhuluma na fujo nyingi, iliwapa haki ya kubaki kwenye vipande vyao, kodi ya haki, na fidia ya walichokiendeleza wanapoondoka. Kampuni yoyote inayotaka ardhi wanayolima crofters lazima iwahesabu. Mwaka 1997 wakaazi wa kisiwa cha Eigg walifaulu kukinunua kisiwa chao kutoka kwa mmiliki binafsi, na sheria ya mwaka 2003 ikazipa jamii za vijijini nafasi ya kwanza ya kununua ardhi waliyoisajilia nia pindi mwenyewe anapoiuza.

Sisi tulipitia sheria ya 1908 iliyomtaka kila mwenye ardhi Pwani ajitokeze kudai hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Hadi leo tuna maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Kwa hiyo ninaposoma habari za crofters, huwa najiuliza ni nani aliyewaandikia madai yao.

Mafuta, na sasa upepo

Mwaka 1970 mafuta mengi yaligunduliwa katika eneo la Forties, Bahari ya Kaskazini, na Aberdeen ikageuka kutoka mji wa samaki kuwa mji wa mafuta. Mawakili walijifunza leseni za uchimbaji, mikataba ya ubia, meli za huduma, bima na usalama kazini. Somo la usalama lilikuja kwa uchungu. Tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la Piper Alpha lililipuka, watu 167 wakafariki. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Mskoti, Lord Cullen, ulitoa mapendekezo 106 yaliyobadilisha namna usalama unavyosimamiwa baharini. Tangu hapo, wakili wa usalama huanza kazi yake kabla ya ajali, kwa kukagua taratibu na makaratasi ya kampuni.

Visima vinapokauka, kazi ya sheria haiishi. Mitambo inapaswa kuondolewa baharini, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 inairuhusu serikali kumfuata hata mmiliki wa zamani aliyekwisha kuuza hisa zake, endapo wa sasa ameshindwa kulipa. Ndiyo maana muuzaji hudai pesa za dhamana ziwekwe pembeni, na kurasa nyingi za mkataba huandikwa kwa ajili ya siku ya kuondoka. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu katika mikutano ya kueleza miradi niliyohudhuria huku kwetu, watu huuliza kuhusu ajira na fidia ya kuingia. Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani atasafisha miaka 30 ijayo, na pesa hizo zimewekwa wapi.

Sasa upepo umeingia. Mnamo Januari 2022, shirika la umma linalosimamia sakafu ya bahari, Crown Estate Scotland, lilitoa nafasi kwa miradi 17 ya umeme wa upepo baharini, na ada za awali zikafika karibu paundi milioni 700. Kila mradi unahitaji ukodishaji wa sakafu ya bahari, kibali cha mazingira, mkataba wa kuunganisha na gridi, na mazungumzo na wavuvi. Wale wale waliojifunzia kwenye mafuta ndio wenye kazi hii leo.

Fedha na kampuni

Edinburgh ni mji wa mabenki. Bank of Scotland ni ya 1695, Royal Bank of Scotland ni ya 1727. Kundi la fedha huandika mikopo na dhamana, na hapa tena sheria ni tofauti na ya London. Zamani Uskoti, ukitaka kuweka kitu kinachohamishika kuwa rehani, ilibidi umkabidhi mkopeshaji kitu chenyewe. Fikiria fundi anayekopa kwa mashine yake: akiikabidhi, atafanyia nini kazi? Mawakili walizunguka tatizo hilo kwa njia ndefu na za gharama. Sheria mpya ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025, imeanzisha sajili ambapo rehani huandikwa huku mali ikibaki kwa mwenyewe.

Ipo pia aina ya ubia ya Uskoti inayohesabiwa kisheria kuwa ni nafsi inayojitegemea, tofauti na ile ya Uingereza. Wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wameipenda sana. Wenye pesa za kuficha nao waliipenda, hata serikali ikalazimika mwaka 2017 kudai majina ya wanaozimiliki yaandikwe.

Kesi na serikali

Kundi la kesi ndilo linalosimama mambo yanapoharibika. Kwa jadi ya Uskoti, wakili wa ofisini huandaa kesi, na mzungumzaji katika mahakama za juu huwa ni wakili wa mahakamani kutoka chama chao kiitwacho Faculty of Advocates. Sheria ya 1990 ilifungua mlango kwa mawakili wa ofisini waliofuzu kuzungumza huko pia.

Kesi nyingine huwa dhidi ya serikali yenyewe. Mwaka 2012 bunge la Uskoti lilipitisha bei ya chini kabisa ya pombe. Watengenezaji wa whisky, kinywaji ambacho kwetu hakina nafasi lakini kwao ni bidhaa kubwa ya kuuza nje, waliipinga mahakamani miaka mitano, hadi waliposhindwa katika Mahakama ya Juu mjini London Novemba 2017. Bei ikaanza kutumika Mei 2018. Kampuni zenye mawakili wazuri ziliichelewesha sheria ya afya kwa miaka, ingawa hazikushinda.

Familia na mirathi

Kampuni kubwa za Uskoti hazijaacha kazi ya familia. Zinaandika wosia, zinasimamia mashamba ya matajiri, na hushughulikia talaka. Msomaji Mwislamu atashangaa kidogo hapa: sheria yao haimruhusu mzazi kuwanyima watoto kila kitu. Hata wosia ukisema vinginevyo, watoto wana haki ya theluthi ya mali inayohamishika ikiwa mjane yuko hai, au nusu kama hayuko. Ardhi haimo katika hesabu hiyo. Si mirathi yetu, lakini wazo la fungu lisilofutika kwa wosia tunalifahamu.

Wachuma chai wa Kericho

Mamia ya wafanyakazi wa mashamba ya chai walidai kuwa uchumaji na ubebaji wa mizigo uliwaumiza migongo. Mwajiri wao, James Finlay (Kenya) Limited, ingawa mashamba yake yalikuwa Kericho, ilisajiliwa Uskoti. Wakafungua mashtaka Edinburgh kwa kutumia utaratibu mpya wa kesi za kundi, ulioanza huko mwaka 2020. Kampuni ilipinga, ikisema mahali pa madai hayo ni Kenya. Desemba 2023 majaji wa rufaa wa Court of Session waliamua kesi isimame kwanza, wafanyakazi waende kudai fidia nyumbani chini ya sheria ya Kenya ya majeraha ya kazini.

Kesi hiyo inaonyesha kwamba anwani ya usajili wa kampuni si jambo dogo. Inaonyesha pia kwamba wafanyakazi walihitaji mawakili wa fani hiyo hiyo: wa majeraha ya kazini, wa mamlaka ya mahakama, na wanaozijua nchi zote mbili.

Namna ya kuitumia orodha hii

Vipo vitabu vya kila mwaka, kama Chambers na Legal 500, vinavyopanga kampuni za mawakili kwa fani. Vina faida, ila kumbuka sehemu ya habari hutolewa na kampuni zenyewe, na wanaohojiwa ni wateja wao. Mvuvi aliyekuwa upande wa pili wa meza hahojiwi.

Kwangu mimi, orodha ya fani za kampuni kubwa ni ramani ya mambo ambayo mwenye mradi anayaogopa na yuko tayari kuyalipia. Mradi ukija kijijini kwako, pitia fani hizo moja moja na uulize nani upande wenu anaijua. Ardhi mna nani? Mazingira na bahari je? Fedha za kusafisha mwishoni, nani amezisoma kurasa zake? Kampuni inayotia saini imesajiliwa nchi gani, na mgogoro utaamuliwa wapi? Wakili wa kijiji hawezi kuyajua yote peke yake. Lakini kamati inaweza kudai, kabla ya kutia saini yoyote, kwamba mwenye mradi agharamie mawakili wa jamii, na jamii yenyewe iwachague. Dai hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano wa kwanza, kwani kufikia wa tatu huwa mambo yameshakatwa.