Deep Springs: chuo cha jangwani kilichoburuzwa mahakamani kwa hati ya marehemu

Mwaka 2024 chuo cha Wells, katika jimbo la New York, kilifunga milango baada ya miaka 156. Mwaka huohuo chuo cha Goddard cha Vermont nacho kikafungwa. Vyuo vidogo vya binafsi nchini Marekani viko taabani: wanafunzi wanapungua, ada haikidhi mahitaji, majengo yanazeeka. Lakini kipo kimoja kidogo kuliko hivyo vyote, chenye wanafunzi wasiozidi thelathini hivi, kisichotoza ada hata senti moja, na bado kinadunda. Deep Springs, cha California, kilitimiza miaka 100 mwaka 2017, mwaka uleule ilipomalizika kesi iliyokitafuna kwa miaka kadhaa.

Ukitaka kuielewa kesi hiyo sharti umjue kwanza mwenye hati iliyobishaniwa. Lucien Lucius Nunn, mzaliwa wa Ohio mwaka 1853, alikuwa mtu mfupi wa kimo na mwingi wa mipango. Alifika Telluride, mji wa machimbo milimani Colorado, akafanya uwakili, akajenga nyumba, akaingia kwenye biashara ya benki. Benki yake, San Miguel Valley, ndiyo iliyovamiwa tarehe 24 Juni 1889 na kijana aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa jina la Butch Cassidy. Yeye na wenzake walitoweka na zaidi ya dola 20,000, na inasimuliwa kwamba Nunn mwenyewe alipanda farasi kuwafuata. Wamarekani wanaipenda sana hadithi hii. Mimi naona aliyoyafanya miaka miwili baadaye yana uzito zaidi.

Alikuwa na mgodi wa dhahabu uliokuwa juu sana mlimani. Kuni zilikwisha, na makaa ya mawe yalipandishwa kwa nyumbu kwa gharama ya kufilisi. Nunn akaona maji yanayoporomoka bondeni. Mwaka 1891, kwa mashine za kampuni ya Westinghouse na kichwa cha mdogo wake Paul, akazalisha umeme wa mkondo geu mahali paitwapo Ames na kuusafirisha kwa waya takriban kilomita 4 hadi mgodini. Wakati huo Edison alikuwa akipiga kampeni kwamba umeme wa namna hiyo ni hatari. Leo ndio unaowasha taa majumbani mwetu.

Mafundi wa kuendesha mitambo hiyo hawakuwepo, kwa hiyo Nunn akachukua vijana na kuwafundisha mwenyewe. Walishika spana kwa zamu, na zamu ikiisha wakashika vitabu. Kidogo kidogo mafunzo yale yakamkolea kuliko biashara yenyewe. Mwaka 1911 alianzisha jumuiya ya Telluride, yenye nyumba yake katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1917 akanunua ranchi katika bonde la Deep Springs, karibu na mpaka wa Nevada, akafungua chuo. Alifariki mwaka 1925.

Bonde lenyewe liko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, limezungukwa na milima mitupu, na mji wa maana wa karibu ni mwendo mrefu wa gari. Kuna chura mweusi anayeishi humo tu, hapatikani kwingine duniani. Nunn alipachagua makusudi: aliamini kijana akiwa mbali na kelele za mji ataisikia sauti yake mwenyewe. Hadi leo pombe ni marufuku na katika muhula hakuna kutoka bondeni ovyo.

Masomo ni ya miaka miwili, kisha wahitimu huhamia vyuo vikubwa kumalizia shahada. Mbali na darasani, kila mwanafunzi hufanya kazi si chini ya saa 20 kwa wiki. Wa zamu ya maziwa huamka kabla ya alfajiri, ndoo mkononi, na maziwa anayoyakamua ndiyo yatakayonywewa mezani asubuhi. Mwingine anachinja ng'ombe, anachuna, anakata nyama na kuipeleka jikoni, ambako mwenzake aliyekuwa akibishana naye juu ya Plato saa moja iliyopita anamenya viazi. Wengine wanageuza mabomba ya kumwagilia majani ya malisho au wanaswaga mifugo kuipandisha milimani kiangazi. Anayewapangia kazi ni mwanafunzi mwenzao waliyemchagua wenyewe.

Msomaji aliyesoma Tanzania enzi za Elimu ya Kujitegemea atasema jembe hilo analijua. Analijua kweli, ila huku kwetu aliyelima shamba la shule hakuulizwa mwalimu gani aajiriwe. Huko Deep Springs wanafunzi wanaulizwa. Kamati zao husoma maombi ya wanaotaka kujiunga na kuchuja walimu, na bodi ya wadhamini ina viti vya wanafunzi wenye kura. Vikao vyao huchukua saa nyingi usiku, wakati mwingine kwa jambo dogo mno, na nadhani ng'ombe wa alfajiri ndiye anayewalazimisha kufika mwisho. Mwandishi William T. Vollmann, aliyeshinda tuzo ya kitaifa ya vitabu ya Marekani mwaka 2005, alisoma chuoni humo.

Sasa kesi. Hati ya amana ya Nunn ilisema chuo ni kwa ajili ya elimu ya vijana wa kiume wanaoleta matumaini. Kwa miongo mingi hakuna aliyeiondoa sentensi hiyo, japo vyuo vingine vya wanaume vilikuwa vimekwisha kuwafungulia wasichana milango. Mwaka 2011 wadhamini walipiga kura, wengi wakakubali wasichana waingie. Wawili walikataa, wakaenda mahakamani: mali ya marehemu, walisema, haigeuzwi kwa kura ya walio hai.

Hoja hiyo si ya kuchekwa. Anayeacha mali yake kwa sharti anategemea sharti lishikwe, la sivyo nani ataacha kitu tena? Wa upande wa pili walijibu kwamba Nunn alitaka kulea viongozi wa kuihudumia jamii, na jamii ya leo haiongozwi na wanaume peke yao. Kesi ilipanda na kushuka mahakamani. Kwanza amri ikazuia wasichana kupokelewa, kisha, baada ya rufaa, ikakubalika mwaka 2017 kwamba sharti hilo laweza kurekebishwa kwa kuwa hali zimebadilika. Kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi sahihi uliochelewa mno.

Wasichana wa kwanza waliingia bondeni kiangazi cha mwaka 2018, wakakabidhiwa ndoo na visu kama wenzao. Wavulana waliowapigania mwaka 2011 walikuwa wamekwisha kuhitimu zamani, na waliowapokea walikuwa bado shule za msingi au sekondari wakati kura ile inapigwa. Masomo yamebaki bure kwa wote, yakilipiwa na mfuko wa chuo na michango ya waliopita hapo.