Faili Ikikatika, Kumbukumbu Hulipa

Kwa miongo mingi wataalamu wa kompyuta walipima hasara ya faili kukatika vipande kwa kipimo kimoja tu, mwendo wa kichwa cha diski. Walikuwa na sababu. Mwaka 1984 Marshall Kirk McKusick na wenzake watatu walichapisha makala kuhusu mfumo mpya wa faili wa Unix uliotengenezwa Berkeley, Marekani, na humo wakaeleza maradhi ya ule wa zamani: ukiwa mpya ulifikia kilobaiti 175 kwa sekunde, lakini wiki chache za matumizi ya wastani ziliishusha kasi hadi 30. Kuandika na kufuta kulikuwa kumeivuruga orodha ya nafasi wazi, faili mpya zikatupwa huku na huko, kichwa kikawa hakitulii. Basi zilipoenea diski za SSD, zisizo na kichwa wala sahani izungukayo, wengi walitangaza kwamba suala limekwisha. Kwa maoni yangu walikosea mahali pa kutazama: hasara nyingine imo katika kumbukumbu ya kompyuta (RAM).

Ushahidi uko katika XFS, mfumo wa faili ambao kampuni ya Silicon Graphics ilianza kuuunda mwaka 1993 na ambao baadaye ulihamia Linux. XFS haiorodheshi kitalu, yaani sehemu ndogo ya diski, kimoja kimoja. Kila mfululizo wa vitalu vilivyoungana, yaani kila kipande cha faili, hupewa rekodi moja ya baiti 16. Faili iliyonyooka, hata ikiwa ya gigabaiti nyingi, hutosheka na rekodi chache. Faili inayotumika kama diski ya kompyuta pepe ni habari nyingine: huanza tupu, kisha hujazwa hapa na pale bila mpangilio, na ikiachiwa huweza kufikisha vipande milioni moja. Ili kujua kila kipande kilipo, XFS huiingiza orodha nzima ya rekodi katika kumbukumbu, yaani takriban megabaiti 16 kwa faili moja. Ukubwa huo peke yake unavumilika. Kilichotesa ni kwamba kwa miaka mingi orodha hiyo, au faharasa yake, ilidai eneo moja la kumbukumbu lisilokatika, ilhali seva iliyofanya kazi muda mrefu huwa na kurasa huru zilizotawanyika, aghalabu za kilobaiti 4 kila moja. Kampuni ya Red Hat ilipoufanya XFS kuwa chaguo la kawaida katika toleo la 7 la mfumo wake wa Linux, mwaka 2014, seva nyingi zaidi zikawa katika hatari ya kutoa onyo kwamba ombi la kumbukumbu huenda limekwama, huku programu zikisubiri.

Atakayejibu kwamba seva za leo zina RAM tele hajagusa kiini: gigabaiti kumi zilizo wazi hazisaidii kitu ikiwa hakuna kurasa za kutosha zilizopakana. Pingamizi lenye uzito ni kwamba hiyo ilikuwa kasoro ya programu, wala si ya vipande. Ni kweli nusu. Christoph Hellwig, mmoja wa watengenezaji wa XFS, aliiandika upya orodha hiyo kama mti wenye nodi ndogondogo, na Linux 4.15, iliyotoka Januari 2018, ikaondoa haja ya eneo moja kubwa. Hata hivyo mti huo bado unabeba rekodi zilezile milioni moja, na bado lazima zisomwe zote faili inapofunguliwa na kutumiwa. Msimamizi wa seva za namna hii na aiwekee faili kiwango cha chini cha ukubwa wa vipande ingali tupu, ili rekodi ziwe chache, kwa sababu ikishaanza kuandikwa XFS haikubali tena kubadilishiwa kiwango hicho.