Baridi Ilikuja na Pikipiki

Ukimwambia mtu wa Makete au Lushoto kwamba Kishapu kuna baridi, atakucheka. Wilaya hii ya mkoa wa Shinyanga inajulikana kwa jua, vumbi, pamba na almasi za Mwadui. Hata wakati wa kipupwe, Juni na Julai, kipimajoto alfajiri hushuka mpaka nyuzi 15 hivi, na ikifika saa nane mchana kila mtu anatafuta kivuli. Lakini pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda pale Mhunze, makao makuu ya wilaya, saa kumi na moja alfajiri. Utakuta vijana wamejifunika makoti mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji. Wengine wameyageuza mbele nyuma, zipu iko mgongoni. Chini ya kofia ngumu kuna kofia ya sufi, na mikononi kuna soksi.

Mgeni huona kichekesho. Mimi niliyekulia huku, na ninayeandika habari za huku, naona historia. Baridi wanayoikimbia vijana hawa haikuwapo hapa wakati wa babu zetu, angalau si kwa namna hii. Umri wake hauzidi sana miaka ishirini. Ililetwa na pikipiki.

Tuanze na lugha. Neno "baridi" tumelichukua kwa Waarabu. Lugha nyingine nyingi za Kibantu zimebaki na neno lao: Mnyarwanda anasema imbeho, Mkikuyu anasema heho. Maneno hayo ni ndugu wa neno letu "upepo". Yaani wahenga wa Kibantu waliweka upepo na baridi kwenye mzizi mmoja, kama vile ni kitu kimoja. Wanasayansi walikuja kulipima jambo hilo baadaye sana. Wamarekani Paul Siple na Charles Passel walining'iniza maji kwenye chombo cha plastiki huko Antaktika, wakahesabu muda yanaotumia kuganda upepo ukiwa mdogo na ukiwa mkubwa, kisha mwaka 1945 wakachapisha matokeo. Upepo unavyozidi, ndivyo mwili unavyopokonywa joto haraka. Kwa fomula inayotumika siku hizi, dereva wa Makete anayekwenda kilomita 60 kwa saa kwenye nyuzi 5 anapigwa na baridi ya nyuzi 2 hivi chini ya sifuri. Fomula hiyo haikutungwa kwa ajili ya nyuzi 15 za Kishapu, lakini kanuni ni ileile. Pikipiki inamtengenezea dereva upepo wake mwenyewe, hata siku ambayo jani halitikisiki.

Na kwetu upepo hauna wa kuuzuia. Kishapu ni mbuga tupu, macho yanakwenda mpaka yanachoka. Haikuwa hivi siku zote. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza vita na mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya utafiti wake chini ya Charles Swynnerton. Njia mojawapo ilikuwa kufyeka vichaka ambamo mbung'o hujificha, na wanavijiji walitolewa kwa maelfu kufanya kazi hiyo. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa. Kufikia mwaka 1986 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, yale malisho ya Wasukuma yanayotengwa ili nyasi na miti vipumzike. Miti mingi imerudi. Hata hivyo, ukitoka Mhunze kuelekea Maganzo alfajiri ya Julai, bado upepo unakukuta kifuani bila kupita kwenye mti.

Kabla ya pikipiki kulikuwa na baiskeli. Shinyanga ni mkoa wa baiskeli, na kwa miaka mingi baiskeli za abiria zilikuwa ndiyo usafiri wa mjini. Wenyewe waliziita daladala. Mzee mmoja wa Mhunze aliyebeba abiria kwa baiskeli miaka ya 1990 nilimuuliza alikuwa anavaa nini asubuhi za kipupwe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Shati, mwanangu. Ukishanyonga kilomita mbili na mtu nyuma kwenye keria, hilo shati lenyewe unatamani ulivue."

Maelezo yake yanakubaliana na fiziolojia. Mtu anaponyonga baiskeli, karibu robo tatu ya nguvu anayotumia hugeuka kuwa joto la mwili. Anatembea na jiko lake. Dereva wa pikipiki amekaa tu. Kazi yote inafanywa na injini, na joto lote linabaki kwenye injini na bomba la moshi, huku yeye akipigwa na upepo mara tatu au nne ya ule wa baiskeli. Pikipiki za Kichina kama SanLG na T-Better zilipoanza kumwagika nchini miaka ya 2000, zikifuatiwa na Boxer na TVS kutoka India, zilimpunguzia kijana jasho na kumpa baridi. Mwaka 2010 zilipotoka kanuni za kutambua rasmi pikipiki za abiria, kazi ilikuwa imeshawameza vijana wengi.

Tatizo hili, la mwili uliokaa kimya ndani ya upepo mkali, wenzetu walilikuta mapema, na jibu lao ni la kuvutia. Walisema: kama injini ndiyo inayofanya kazi, basi injini irudishe joto. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia marubani waliokaa kwenye ndege zisizo na paa walianza kuvalishwa nguo zenye waya za umeme ndani yake. Katika Vita vya Pili wapiga bunduki wa ndege za Marekani, waliosimama kwenye madirisha wazi angani ambako baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, walivaa suti za volti 24 chini ya makoti yao. Toleo la mwanzo lilikuwa na kasoro mbaya: waya ulipokatika sehemu moja, suti nzima ilipoa. Miaka ya 1970 fundi mmoja wa jimbo la Washington, Gordon Gerbing, akalileta wazo hilo kwenye pikipiki. Nguo inachomekwa kwenye betri ya volti 12, unabonyeza swichi, kifua kinapata moto. Leo huko Marekani na Ulaya mwendesha pikipiki anachagua kati ya koti, kizibao, glavu na hata soksi za umeme, na anabishana na wenzake ipi inadumu.

Kwa nini wazo hilo halikufika Kishapu? Umaskini ni jibu rahisi, na lina ukweli, maana koti la namna hiyo laweza kufika dola 200 au zaidi. Ila sababu nyingine iko ndani ya pikipiki yenyewe. Koti la umeme hula wati 70 hadi 90. Pikipiki kubwa za huko zina umeme wa kutosha na wa ziada. Boxer ya kwetu imetengenezwa iwe nyepesi, rahisi na isiyokunywa mafuta. Taa yake ya mbele tu huchukua wati 35 hivi, na unaobaki ni kidogo. Ukichomeka koti la Gerbing hapo, utapata joto mpaka betri ife, halafu utasukuma. Siku hizi kuna vizibao vinavyotumia pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 inaweza kukisukuma kizibao cha wati 10 kwa saa tatu hivi, ambazo kwa kweli ndizo saa mbaya za alfajiri yetu. Hilo linawezekana. Lakini pawabenki hiyohiyo ndiyo inayochaji simu, na simu ndiyo inayoleta wateja.

Basi Kishapu ilichagua koti. Neno la zamani la koti zito ni kabuti, ndugu wa capote ya Kireno, na kwa wazee wetu kabuti lilikuwa vazi la askari na mlinzi wa usiku, yaani mtu mwingine anayelipwa kukaa bila kujongea kwenye baridi. Kijana wa kawaida hakuwa nalo. Wakati wa Ujamaa biashara ya nguo kuukuu kutoka nje ilibanwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata nguo mpya zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mlango ulifunguka mwaka 1984, bajeti ya waziri wa fedha Cleopa Msuya iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mitumba ikaja kwa marobota. Watu waliipa jina la utani, "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba mwenye nguo amefariki. Ndani ya marobota hayo yalikuwamo makoti ya theluji ambayo muuzaji hakujua ampe nani. Yalikaa miaka mingi yakisubiri mteja. Pikipiki ndiyo iliyomleta.

Jambo hili huniuma kidogo, kwa sababu Kishapu ni wilaya ya pamba. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunda shirikisho lao la ushirika, Victoria Federation, lililoongozwa na Paul Bomani. Walitaka mizani isiwaibie na faida ibaki mikononi mwao. Miaka zaidi ya sitini baadaye, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado inasafirishwa ikiwa nyuzi ghafi. Mwaka 2016 marakisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliagiza mitumba iondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nchi zetu zikatishiwa kunyimwa nafuu ya AGOA, na mwishowe Rwanda pekee ndiyo iliyoshikilia msimamo, ikaadhibiwa mwaka 2018. Nilipowauliza madereva kuhusu marufuku ile, hakuna aliyeililia sera. Walilia koti. Na koti lenyewe wala si la pamba. Ni poliesta.

Sasa turudi kwenye lile koti lililogeuzwa. Watu huliona kama ushamba, lakini ni uhandisi wa mtu mwenye kitu kimoja tu mkononi. Zipu ndiyo mlango wa upepo, na makoti mengi ya mtumba zipu zake zimeshachoka. Ukiligeuza, kifua kinapata ukuta mmoja usio na mshono. Wengine huongeza kipande cha boksi au gazeti ndani. Hawajasoma Siple, ila wamefika palepale: zuia upepo kwanza, joto la mwili litajitunza lenyewe.

Gharama yake ipo. Koti lililogeuzwa hubana mabega unapokata kona ghafla, na huwezi kulivua upesi ukianguka. Kofia ya koti ikivutwa juu ya masikio, honi ya lori husikika ikiwa imechelewa. Mikono ndiyo hatari zaidi. Vidole vikifa ganzi, breki na klachi vinashikwa kwa kukisia, na kwenye barabara ya changarawe yenye ng'ombe wanaovuka, kukisia hakutoshi. Madereva wengi niliozungumza nao wanaogopa nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, si upepo. Mimi ningewaomba wahofie vidole kabla ya kifua.

Kama kijana wa huku angeniuliza achague nini mnadani, ningemwambia asitafute koti nene kuliko yote. Atafute la nje lisilopitisha upepo, shingo yake ifunge, mikono iwe na mpira kwenye kifundo, na zipu ifanye kazi ili alivae sawasawa. Sweta liwe ndani. Fedha itakayobaki inunue glavu za ngozi, si soksi. Na abiria asisahauliwe: mama anayepelekwa kliniki alfajiri na mtoto mgongoni anakaa kwenye upepo uleule akiwa na kanga tu, na mtoto hana hata mgongo wa dereva wa kujikinga.

Lakini nani alipe? Madereva wengi hawamiliki pikipiki. Wanapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, au wako kwenye mkataba ambao baada ya mwaka mmoja au zaidi pikipiki inakuwa yao. Hesabu ndiyo inayowatoa kitandani saa kumi alfajiri, maana wateja wa mabasi ya mapema ndio wanaotangulia kuijaza. Mkataba mmoja nilioonyeshwa ulikuwa na kurasa mbili. Umeeleza nani anabadilisha oili, nani ananunua tairi, nani analipa faini, na kwamba kofia ngumu ni ya mwenye chombo. Niliusoma mara mbili nikitafuta koti.

"Kaka, utatafuta mpaka jioni," akaniambia mwenye mkataba. "Pale wameandika vitu vinavyochakaa vya pikipiki. Mimi sijaandikwa."