Usipoziba Ufa: Ujima na Ujenzi wa Makazi Baada ya Maafa

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu mzembe, asiyeshughulikia jambo dogo mpaka likawa kubwa. Lakini limo ndani yake swali ambalo ni nadra kuulizwa shuleni: ni nani azibaye ufa huo? Methali inamsemesha mtu mmoja. Historia ya makazi yetu, hata hivyo, yaonyesha kwamba ukuta wa mtu mmoja uliinuliwa na mikono ya wengi, na ulipobomoka, wengi hao hao ndio walioitwa tena. Katika insha hii tutajaribu kueleza jinsi desturi hiyo ya kujengeana nyumba ilivyofanya kazi wakati wa maafa, jinsi ilivyobadilika ilipoingia mjini, na ni watu gani ambao mabadiliko hayo yaliwaacha nje.

Maafa si jambo geni katika nchi yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja, ikabomoa nyumba na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 kimbunga kiliikumba Lindi. Bonde la Rufiji limefurika mara nyingi, na miongoni mwa mafuriko yanayokumbukwa sana ni yale ya mwaka 1968 na 1974. Ukisoma habari za matukio hayo, utaona kwamba waandishi wamezingatia zaidi hasara: miti iliyoanguka, mazao yaliyopotea, watu waliofariki. Kazi ya kujenga upya haikuandikwa sana, kwa sababu walioifanya hawakuwa na makarani. Hata hivyo kumbukumbu yake haikupotea yote. Imehifadhiwa katika lugha, maana kila tendo la ujenzi lina jina lake.

Tuitazame nyumba ya kawaida ya pwani. Kwanza huchimbiwa nguzo. Kisha fito hufungwa kwa kamba, safu baada ya safu, ndani na nje ya nguzo. Nyumba hupauliwa kwa kuwekewa makombamoyo na pao, halafu huezekwa kwa makuti. Baada ya hapo udongo huchimbwa, humwagiwa maji na kukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, ndipo nyumba ikandikwe. Ukuta unaopatikana huitwa kiambaza. Mtu mmoja aweza kuchimba nguzo peke yake. Lakini udongo wa nyumba nzima ukikanyagwa na mtu mmoja, utakauka kabla hajafika nusu ya ukuta. Kwa hiyo siku ya kukandika ilikuwa siku ya watu wengi: wanaume wakichimba na kukanyaga, wanawake na watoto wakileta maji, vijana wakibandika udongo, na wenyeji wakipika chakula cha wote.

Nyumba ya namna hii ina udhaifu, na pia ina hekima. Udhaifu wake ni maji. Mafuriko yakisimama kwa siku kadhaa, sehemu ya chini ya kiambaza hulainika na kuporomoka. Hekima yake ni kwamba ukuta si ndio unaobeba paa. Paa hubebwa na nguzo, na udongo ni kama nguo iliyovikwa mwilini. Maji yakiondoa udongo, mara nyingi kiunzi hubaki kimesimama, na nyumba huweza kukandikwa upya bila kuanza msingi. Nguzo iliyooza yaweza kung'olewa na kuwekwa nyingine huku paa limeegemezwa. Basi nyumba hiyo ilijengwa kwa namna ambayo majirani wangeweza kuitengeneza, kipande kwa kipande, kwa vifaa vilivyokuwa karibu nao.

Ujima huo ulikuwa na kanuni zake. Aliyejengewa hakulipa fedha, lakini alibaki na deni la mkono: mwenzake akiita, lazima aende. Wapare waliita kazi ya jumuiya msaragambo, na makabila mengine yalikuwa na majina yao. Lakini kanuni ilikuwa moja. Mzee asiyejiweza na mjane aliyefiwa walijengewa bila kudaiwa. Mvivu asiyeonekana siku ya kazi hakusahauliwa. Adhabu yake ilikuwa aibu, na siku nyumba yake itakapobomoka, upungufu wa watu. Hapa ndipo tunapoweza kutofautisha ujima na kazi za shuruti za wakati wa ukoloni. Kwa macho ya mpita njia zote zilikuwa kundi la watu na majembe yao. Lakini katika ujima kila mmoja alijua kwamba kazi anayoifanya leo itamrudia kesho. Katika kazi ya shuruti hakuna kilichomrudia.

Warufiji wanatupa mfano ulio wazi wa watu walioishi na maafa bila kuwa wajinga wa hatari yake. Kwao mto si adui tu. Gharika ndogo ya kila mwaka ilileta rutuba na kunywesha mashamba ya mpunga, na maji yalipopungua watu walipanda mazao mengine katika udongo uliobaki na unyevu. Kilimo hicho hukiita mlau. Walichokiogopa ni gharika kubwa ipitayo kiasi. Kwa sababu hiyo walijenga madungu mashambani, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti mirefu, ambamo familia iliweza kulala, kulinda mpunga na kuwa juu ya maji. Maarifa hayo hayakutolewa na mtaalamu yeyote. Yalitokana na vizazi vingi vya kutazama mto.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya ujamaa kwenye nyanda za juu. Nia ilikuwa njema: kuokoa maisha, na kuwapatia wananchi shule, maji na zahanati. Lakini mashamba yenye rutuba hayakuweza kuhamishwa pamoja na watu. Ikawa kwamba wakulima wengi, msimu wa kilimo ulipofika, walirudi bondeni na kukaa tena katika madungu yao, kisha wakarejea vijijini. Jambo hilo lisichukuliwe kuwa ukaidi. Lilikuwa jibu la mkulima aliyepewa usalama wa nyumba huku chakula chake kikibaki ng'ambo. Hata mwaka 2024, mafuriko yalipowakumba tena wananchi wa Rufiji na Kibiti, swali lilikuwa lile lile: namna gani mtu atakaa mbali na maji bila kuwa mbali na riziki?

Kutoka huko huko Rufiji, mahali mto unapoingia baharini, zilitoka boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi hadi Unguja, Arabuni na Dar es Salaam. Tuzifuate basi boriti hizo hadi mjini, maana huko desturi ya kujengeana ilikutana na mambo mapya. Tangu enzi ya Wajerumani, na baadaye Waingereza, mji uligawanywa katika kanda kulingana na aina za majengo, na kwa njia hiyo watu wakatengwa kwa rangi zao. Waafrika waliwekwa Kariakoo na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Hapo nyumba ya pwani ilipata umbo jipya: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma na baraza mbele. Mwenye nyumba alikaa katika chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha. Ndipo alipotokea mtu asiyekuwa na nafasi kubwa katika ujima wa zamani, yaani mpangaji.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa lililoundwa mwaka 1962 lilianza kubomoa nyumba za udongo katika baadhi ya maeneo ya mji na kujenga nyumba bora mahali pake. Kazi hiyo ilikuwa ya gharama kubwa, na watu waliohamia mjini walikuwa wengi kuliko nyumba zilizojengwa. Mwaka 1972 Serikali ilibadili mwelekeo: badala ya kubomoa, maeneo yaliyojengwa bila kupimwa yaboreshwe yalipo, kwa kupelekewa barabara, maji na mifereji. Manzese ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kufanyiwa hivyo. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa katika historia ya utamaduni wetu. Kwa mara ya kwanza ilikubaliwa rasmi kwamba nyumba aliyoijenga mwananchi kwa mikono yake na ya majirani zake ni mali ya taifa, wala si takataka ya kufagiwa.

Mfano unaofaa kuchunguzwa zaidi ni Hananasif, mtaa wa Kinondoni unaoteremkia bonde la Msimbazi. Kila mvua kubwa ilipokuja, maji yaliingia majumbani kwa sababu hayakuwa na njia ya kupita. Katika miaka ya 1990 wakazi waliunda jumuiya yao, wakashirikiana na wataalamu wa ardhi, Serikali na mashirika ya kimataifa. Walipoulizwa nini kianze, walitaka mifereji ya maji ya mvua. Wakazi wenyewe, wanawake kwa wanaume, walifanya kazi ya kuchimba na kujenga, wakapata ujira na ujuzi pamoja. Mhandisi alijua mteremko wa mfereji. Mkazi alijua maji hupita wapi usiku wa masika. Mradi ulihitaji maarifa yote mawili.

Hata hivyo haifai tusifu bila kupima. Mtaa ukiboreka, kodi hupanda, na mpangaji aliyechimba mfereji aweza kushindwa kulipa chumba kilichookolewa na mfereji huo. Isitoshe, vifaa vya ujenzi vimebadilika. Fito na makuti vilikatwa au kununuliwa kwa bei ndogo. Saruji na bati hutoka dukani. Ukuta wa matofali ukipasuka haukandikwi kwa udongo na miguu ya majirani, bali huhitaji fundi na fedha taslimu. Ndiyo maana ujima wa mjini umechukua sura ya upatu na michango: watu hukusanya fedha, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Deni la mkono limekuwa deni la shilingi. Asiyekuwa na shilingi, ambaye zamani angeweza kuleta ndoo ya maji na kuhesabiwa miongoni mwa wajenzi, sasa hana cha kuleta.

Desemba 2011 mvua kubwa zilinyesha Dar es Salaam, bonde la Msimbazi likafurika, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Wakazi wengi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni baadaye, karibu na vibarua na biashara zao ndogo ndogo. Msomaji aliyeifuata habari ya Rufiji hatashangaa. Kijiji cha mwaka 1968 na kiwanja cha mwaka 2011 vilitolewa kwa nia ya kuokoa, na vyote vilikutana na ukweli ule ule: nyumba haiwi nyumba kwa kuta zake tu, bali kwa shamba, soko na majirani wanaoizunguka.

Kwa hiyo fundisho la historia hii halisemi kwamba wananchi waachwe peke yao na ndoo zao, wala kwamba watu wabaki mahali maji yanapoua. Lasema kwamba msaada hudumu pale unapoukuta ujima na kuuongezea kile usichokuwa nacho: saruji, kipimo cha mhandisi, hati ya ardhi. Ukija kama mgeni asiyeuliza, huondoka pamoja na magari yaliyouleta. Walimu wanaweza kuwatuma wanafunzi wakawaulize wazee wa mtaa wao: nyumba ya kwanza iliyobomoka hapa ilijengwa na nani, na nani hakualikwa? Majibu watakayoyaleta darasani ni sehemu ya historia ya taifa ambayo bado haijaandikwa, na wanaoikumbuka wanazeeka. Huo nao ni ufa.